Sahihi ya Fundi

Wako mafundi ambao kazi yao ni kutengeneza vyombo vilivyotolewa katika eropleni kwa kuharibika: pampu, breki, mita. Chombo kikiisha kupona, fundi mwenye cheti hutia sahihi katika hati, nayo huandamana na chombo hata kifungwe tena. Katika lugha yetu sahihi ni jina la mtu kwa mkono wake, tena ni jambo lisilo na kosa. Je, aweza mtu kutoa la kwanza asipokuwa na hakika ya la pili?

Tazameni mfano. Mwaka 1978 eropleni ya Japani iliburuza mkia huko Osaka, na ukuta wa nyuma uzuiao hewa isitoke ukaharibika. Mafundi wa Boeing walipasiwa kuuunga kwa bati moja zima. Wakatia vipande viwili, hata safu moja ya ribiti ikachukua mzigo wa safu mbili. Kosa halikuonwa na mtu, eropleni ikaruka miaka saba. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka angani. Wakafa watu 520, wakapona 4 tu.

Wengine husema, fundi asiyekusudia mabaya hana hatia. Sikubali. Sahihi hainenei moyo wake, yanena, "Nimetazama, ndivyo ilivyo." Asiyetazama amesema uwongo, ijapokuwa chombo ni kizima kwa bahati. Na yule ahimizwaye na bwana wake, kwa kuwa eropleni yangojwa? Hapo neno ni gumu, maana ujira wake ni chakula cha watoto. Walakini abiria hawezi kufungua ukuta autazame. Amelipa nauli, ameketi, naye amelala usingizi.