Subira ya Mtoto Inatoka Wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanasaikolojia Walter Mischel alianza kuwapima watoto subira. Mtoto aliwekewa kitamu mezani, akaambiwa: ukikila sasa, basi ndicho hicho, ukiningoja nirudi, utapata viwili. Miaka ilipita, na baadhi ya watoto hao walipofuatiliwa ujanani, waliongoja zaidi walionekana kufanya vizuri zaidi masomoni. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Ikatia nguvu imani kwamba kujizuia ni kitu kinachokaa ndani ya mtoto, na kwamba shule inaweza kumfundisha kama inavyomfundisha kugawanya.

Uchunguzi wa baadaye umeipunguza mno nguvu ya matokeo hayo, hasa hali ya familia ya mtoto inapozingatiwa. Lakini kinachonikaa moyoni ni jaribio lililochapishwa mwaka 2013 na Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester. Kabla ya kuleta kitamu, mtu mzima aliwaahidi watoto 28 vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Nusu yao aliwaletea. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu akaomba radhi: kumbe havipo. Ndipo kikaja kitamu. Kati ya watoto 14 waliotimiziwa ahadi, 9 walingoja dakika zote 15. Kati ya 14 waliovunjiwa ahadi, aliyengoja mpaka mwisho alikuwa mmoja tu.

Tutasema nini juu ya wale 13? Kwamba hawana stadi ya kujizuia? Mimi naona walikuwa wameelewa vizuri sana. Walikuwa wamempima mtu mzima kwa alichokitenda, wakaamua kwamba neno lake halina thamani ya kungojewa. Kutokana na hilo nashawishika kwamba subira, kama ilivyo heshima na huruma, haimo ndani ya mtoto peke yake. Ipo kati yake na anayemlea.

Tukilikubali hilo, somo zima la stadi za maisha linabadilika sura. Mtaala wa umilisi wa Kenya unataja maadili yanayopaswa kujengwa: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii, uadilifu. Hakuna mzazi atakayeyapinga. Ila mtoto huyasoma mara mbili, kwanza ubaoni, kisha katika namna shule inavyoendeshwa, na usomaji wa pili ndio unaodumu. Nyerere alilijua hili. Katika andiko lake Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya inayojitegemea, na wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao. Ushirikiano ungefundishwa kwa kushirikiana. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi jembe liliishia kuwa adhabu ya waliochelewa, na watoto wakajifunza kuichukia kazi yenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Mara nyingi tunaposema mwanafunzi ajue kudhibiti hisia zake, tunamaanisha anyamaze. Tanzania bado inaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule; Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001, ingawa fimbo haikutoweka siku hiyo. Mfikirie mwanafunzi aliyechapwa asubuhi kwa kosa la mwenzake, halafu kipindi kinachofuata anaambiwa avute pumzi, aitaje hasira yake, kisha aitulize. Hasira yake ni ya haki. Inasema kweli juu ya kilichotokea, na anayemfundisha kuituliza kabla ya kumsikiliza anamfundisha kutoiamini dhamiri yake. Hasira isiyosikilizwa huweza kutafuta njia nyingine. Mwaka 2016 shule za sekondari zaidi ya mia moja zilikumbwa na moto Kenya, mwingi ukidaiwa kuwashwa na wanafunzi. Kuchoma bweni ni kosa kubwa, na mahali pengine moto wa namna hiyo umeua watoto. Hata hivyo, ni vigumu kuufikiria msimu kama ule bila kuuliza wanafunzi hao walikuwa na mlango gani wa kupelekea malalamiko yao, na kama waliwahi kuona mlango huo ukifunguliwa.

Sisemi stadi hizi zisifundishwe. Kuna mtoto anayetoka nyumbani kwenye ugomvi wa kila usiku, na somo la kuitambua hofu yake laweza kuwa ndilo la pekee litakalomgusa wiki hiyo. Lakini anayelifundisha ni nani? Ni mwalimu mwenye darasa la wanafunzi themanini, pengine zaidi ya mia, anayedai malimbikizo ya mshahara aliyoahidiwa, ambaye ombi lake la uhamisho ili amfuate mwenzi wake halijajibiwa. Naye anajua kupima ahadi. Semina ya siku mbili kuhusu hisia haitabadilisha hesabu yake, kwa kuwa ni ahadi nyingine kutoka kwa walewale waliomwahidi malimbikizo. Jibu la barua yake ya uhamisho, hata likiwa hapana yenye sababu, lingemfundisha mengi zaidi, na wale themanini wangeyapata kupitia kwake bila kipindi maalumu kwenye ratiba.