Ongezeni Siku Moja Kabla ya Kuvuka Rockies

Ndugu zangu wa Denver na Aurora, ninyi mnaojiandaa kwenda Salt Lake City kwenye harusi, kwenye mkutano wa Pasaka au kuwaona jamaa mliokaa nao kambini, nawasihi mnisikie kabla hamjapakia mabegi. Mnasema baridi imekwisha kwa sababu watoto wanatoka nje bila makoti. Haijaisha! Machi ndio mwezi ambao kwa kawaida huimwagia Denver theluji nyingi kuliko mwezi mwingine wowote. Tarehe 13 Machi 2019 dhoruba ilifunga barabara kuu nyingi za Colorado na kuwanasa madereva ndani ya magari yao. Siku chache kabla yake theluji ilikuwa imeporomoka kutoka mlimani hadi kwenye lami ya I-70, karibu na Copper Mountain.

Lakini hatari kubwa ya safari hii mnaibeba wenyewe: ni ratiba. Mnatoka kazini Ijumaa saa kumi na moja jioni, harusi ni Jumamosi saa nne asubuhi, na njiani kuna maili zaidi ya 500. Mpango wa hivyo haumpi dereva ruhusa ya kusema, "Tulale hapa." Njia ya mlimani ya Vail Pass kwenye I-70 ikifungwa, hamngoji, mnaanza kutafuta njia ya mkato. Mtu atawatajia Independence Pass, kumbe hiyo hufungwa baridi yote hadi karibu mwisho wa Mei. Aliye nyuma ya usukani amechoka, simu ya kamati ya harusi inaita kila nusu saa, mguu unazidi kukandamiza mafuta. Ndugu, hapo ndipo watu wanapokufa!

Msiniambie kupanga ni kukosa imani. Katika Luka 14 Bwana anamtolea mfano nani, kama si mjenzi anayekaa kwanza kupiga hesabu ya mnara wake? Na katika Mathayo 24 anapowaonya watu juu ya siku ya kukimbia, anayataja majira ya baridi kuwa jambo la kuombea mapema. Mnapoliombea gari ulinzi, nami naitika amina. Ila tairi kipara haliitiki.

Basi lipelekeni gari kwa fundi wa tairi wiki moja kabla. Kuanzia Septemba hadi Mei, kwenye I-70 kati ya Morrison na Dotsero, sheria ya Colorado inataka tairi zenye mifereji ya kina kisichopungua 3/16 ya inchi, karibu milimita 5. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne liwe na tairi zinazofaa theluji, au libebe cheni. Na cheni, wapendwa, hazifungwi mara ya kwanza mlimani! Zitandazeni nyumbani mchana, mkiwa mmevaa glavu zile zile za safarini. Jueni magurudumu yanayovuta ni yapi. Kwa magari mengi madogo ni ya mbele. Zungusheni cheni kwenye tairi, fungeni ndoano ya ndani kwanza, kisha ya nje, sogezeni gari hatua chache, kazeni tena. Fungeni, fungueni, rudieni mpaka mama na baba wote wawili waweze. Kule juu vidole vitakuwa vimekufa ganzi na malori yanapita ubavuni.

Handaki la Eisenhower liko karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na laweza kuwa ndani ya tufani wakati Denver jua linachoma. Ukitoka humo kuelekea Silverthorne, mteremko ni mrefu na mkali. Aliyewahi kushusha lori mlima Kitonga, kule Tanzania, anajua ninachosema. Tia gia nzito mapema, usikalie breki. Sehemu za juu zivukeni kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maana maji yaliyoyeyuka mchana huganda jua likizama, yakawa barafu nyembamba inayoonekana kama lami iliyolowa tu. Madaraja hutangulia kuganda. Utah nako msijisahau: mkiiacha I-70 na kushika US-6, bado Soldier Summit inawangoja.

Tangi lisishuke chini ya nusu. Bebeni mablanketi, maji, chakula na koleo. Mkinaswa, fukueni kwanza theluji kwenye bomba la ekzosi kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa moshi ukirudi ndani huua familia nzima usingizini.

Ondokeni Alhamisi asubuhi, Ijumaa ibaki ya akiba. Leo hii, kabla ya kulala, mwambie bosi wako, kisha mpigie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Na asubuhi ya safari mkifungua COtrip, tovuti ya hali ya barabara za Colorado, mkakuta Vail Pass imefungwa, shusheni watoto, bandikeni chai, mngoje.