Nyanya Kavu ni za Nani?



Apitaye Ilula, mkoani Iringa, wakati wa mavuno huziona nyanya zimepangwa kando ya barabara kuu, matenga kwa matenga. Lori lisipofika, au bei ikianguka, nyanya hazina subira. Hapo mwenye shamba humwita jirani: “Njoo na ndoo yako kabla hazijaoza.” Jirani hushukuru, na mwenye shamba hujiona mkarimu. Je, huo ni ukarimu, au ni hofu ya kuozewa?

Swali hili limeletwa na kaushio la jua. Ni sanduku la mbao, ndani limepakwa rangi nyeusi, juu limefunikwa kwa kioo au nailoni ipitishayo mwanga. Hewa huingia kwa tundu la chini, hupata joto, hupita kati ya vipande vyembamba, na kutokea juu pamoja na unyevu. Vumbi, nzi na kuku (nao ni wezi wakubwa) hubaki nje. Nyanya, ambayo zaidi ya sehemu 90 katika 100 ni maji, huwa kipande chepesi kiwezacho kukaa miezi mingi kikifungwa vema. Jambo lenyewe si geni: Wasukuma wamekula michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, tangu zama za mababu.

Kuhusu kupoteza chakula, mafundisho hayana shaka. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alisema tarehe 5 Juni 2013 kwamba chakula kitupwacho ni kama kimeibwa mezani pa maskini. Asiye na soko wala maarifa hatumhesabii dhambi. Aliye na njia akaiacha kwa uvivu, huyo atajibu.

Ila ugumu waanzia hapa, ambapo wengi hudhani umekwisha. Kuoza, kwa namna yake, kulikuwa wakili wa maskini: kulimlazimisha mwenye nacho afungue mkono wiki hii, si wiki ijayo. Kaushio limemwondoa wakili huyo. Nyanya sasa zaweza kungoja bei ipande, na jirani aliyezoea kuitwa na ndoo yake aambiwa alete fedha. Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba kizidicho mahitaji ya mtu, kwa sheria ya maumbile, chapaswa kuwalisha maskini. Hakusema: kikiwa karibu kuoza.

Basi tuyaache makaushio? Hasha! Kutoa usichoweza kukiweka ni jambo dogo. Mwenye kaushio aweza kutoa kweli, kwa kuwa sasa aweza pia kunyima. Na kipaji chake chaweza kumfikia maskini katika miezi ya uhaba, si siku za shibe ambapo kila nyumba ina nyanya zake. Kuuza si dhambi. Mbao na nailoni zina gharama, na watoto wahitaji madaftari. Lakini fungu la mjane litengwe siku ile ile ya kukata, kabla bei haijajulikana. Likingojea bei, sote twajua litakavyopungua.

Mama mmoja alituuliza kama nyanya kavu zafaa kuletwa altareni wakati wa matoleo. Zafaa sana. Ila azitie katika kopo lenye kifuniko, si katika mfuko wa karatasi, maana sakristia nayo ina panya wake.