Nta Kilo 60, Lebo 300

Bei ya mshumaa wa wifi yangu ilitokana na noti. Alikuwa na meza kando ya barabara kuu ya Karatu, ile inayopanda kwenda lango la Lodoare na Kreta ya Ngorongoro, na magari ya watalii husimama pale dakika chache tu. Mgeni anatoa noti ya elfu tano, anachukua mshumaa wake, safari inaendelea, hakuna anayehangaikia chenji. Basi bei ikawa elfu tano. Kama elfu tano hiyo ilikuwa inarudisha alichotumia, hatukuwahi kukaa chini tukauliza.

Ulikuwa mshumaa mzuri, nasema kweli. Nta tupu ya nyuki, imemiminwa kwenye vipande vya bomba la plastiki, rangi yake asali iliyokolea, umefungwa kwa kitenge na kamba ya katani. Ukiuwasha usiku wa baridi ya kwetu, chumba kizima kinanukia mzinga. Hoteli moja ya kule ukingoni mwa kreta ilipouona, iliagiza 300 kwa mpigo na kutoa malipo ya awali. Wifi akaja kwangu na daftari. "Wifi, nipigie hesabu."

Nikapiga. Nta ghafi kilo moja 14,000, mshumaa una gramu 200, kwa hiyo nta ya 2,800. Utambi 200, kitenge na kamba 500, lebo 300, gesi 300, nauli 400. Jumla 4,500. Faida 500 kila mmoja! Tulifurahi sana. Akanunua nta kilo 60, mimi nikashuka Arusha kuchapisha lebo 300: "Nta halisi ya nyuki, asilimia 100. Gramu 200."

Kosa la hesabu yangu lilikuwa jikoni, kwenye kitambaa cha kuchujia. Nta ghafi huja na mabaki ya masega, nyuki waliokufa, vijiti na majivu ya moshi wa mrinaji. Unaiyeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kwa sababu huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi na haifai kugusana na moto. Kisha unaichuja. Katika kila kilo 10, sisi tulikuwa tunapata kilo 8 safi. Kilo mbili zinabaki kwenye kitambaa, uchafu mweusi wa kunata, na umezilipia bei ileile. Kwa hiyo kilo safi ilisimama 17,500, nta ya mshumaa mmoja 3,500, na mshumaa mzima 5,200. Kila uliouzwa ulikula shilingi 200 za mfukoni mwake, na mikono yake nilikuwa sijaihesabu hata senti.

Mishumaa 180 ilipokamilika, ndoo ilibaki na kilo 12, na 120 ilikuwa bado. Kumalizia kulihitaji nta ghafi kilo 15 nyingine, 210,000, na malipo ya awali yalikuwa yamekwisha. Siku ya kupeleka ilikuwa Ijumaa. Jumatano jioni nilimkuta anavunjavunja mishumaa ya dukani, ile myeupe ya parafini, anaitia kwenye nta. Nusu kwa nusu. Hakuniangalia usoni. Nami sikusema neno. Nilikaa nikafunga lebo, moja baada ya nyingine, kwa mikono yangu hii.

Hapo uongo ulikuwa mara mbili, na wa pili hatukuujua. Parafini ni nyepesi kuliko nta. Kipande cha bomba hupima nafasi, hakipimi uzito, na mshumaa wa mchanganyiko uliotoka kwenye bomba lilelile ulikuwa na gramu 193. Lebo ilisema 200. Uzito unaoandikwa kwenye bidhaa ni jambo la Wakala wa Vipimo, si pambo.

Aliyetugundua ni mtunza stoo wa hoteli, mtu wa Mbulu aliyekulia kwenye mizinga ya baba yake. Aliweka mishumaa miwili mezani, mmoja wa ile 180 ya kwanza na mmoja wa ile 120 ya mwisho. Ule wa kwanza ulikuwa umepata vumbi jeupe kama unga. Akaupangusa kwa kiganja, ukang'aa. "Hii ni nta. Nta ikikaa kwenye baridi hutoa hivi." Akachukua wa pili, akaukwangua kwa ukucha, akanusa, akauweka kwenye mizani bila kusema kitu. Kisha akageuza lebo tuisome. "Mama, hapa mmeandika nini?"

Wifi alirudisha fedha za ile 120. Ilimchukua miezi saba. Hoteli haikuagiza tena.

Wengi hapa Karatu wanasema alikosa uaminifu. Mimi niliyeshika kalamu nasema uaminifu wake ulianza kuliwa siku tuliyopanga bei. Mwanamke ambaye bei yake haimrudishii hata nta atafika mahali achague kati ya kusema "nimeshindwa" na kuvunjavunja parafini.

Siku hizi anauza 8,000. Amehesabu watu wawili wanaotoa mishumaa 30 kwa siku, kila mmoja kwa ujira wa 15,000, yaani 1,000 kwa kila mshumaa. Gharama imefika 6,200. Kinachobaki ni cha ile inayopasuka na cha Aprili na Mei, mvua zinapokata wageni. Kila mshumaa unapita kwenye mizani kabla ya kufungwa. Lebo mpya ina jina lake, Karatu, tarehe ya kumimina, na sentensi moja kuhusu lile vumbi jeupe, maana mteja mmoja aliwahi kuurudisha akidhani umeota ukungu. Ameshakwenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuulizia njia ya kupata alama ya ubora ya TBS.

Zile lebo 120 zilizofunguliwa hakuzichoma. Zimo kwenye kopo juu ya kabati. Kila anapoyeyusha nta huchomoa moja, na nyuma yake huandika namba mbili: kilo zilizoingia kwenye kitambaa, na kilo zilizotoka.