Samadi Chini ya Mtini

JUMATANO

Soma Luka 13:6–9. Mtunza shamba la mizabibu aliomba nini? Kwa nini aliomba mwaka mzima na si majuma machache?

Mwenye shamba alikuwa na hesabu yake. Miaka mitatu amekuja kutafuta tini, miaka mitatu amerudi mikono mitupu, na mti umeshika ardhi ambayo mizabibu ingeitumia. Hesabu hiyo haina kosa, na mtunza shamba hakuibishia. Hakusema kwamba mti ni mzuri, wala hakumlaumu bwana wake kwa kuwa na haraka. Aliomba nafasi ya kuchimbua udongo kuzunguka shina na kutia samadi, na kwa kazi hizo mbili akataka mwaka.

Wengi husoma hapo na kuona huruma tu. Huruma ipo, lakini mtu aliyewahi kutia samadi shambani anaona pia ujuzi wa kazi. Samadi haiendi moja kwa moja kwenye mti. Mizizi hufyonza kile kilichoyeyuka katika maji; haiwezi kula kinyesi cha ng'ombe wala jani lililoanguka. Kila kilichokufa hupita kwanza kwa wengine: minyoo na mchwa hukikatakata, kisha kuvu na bakteria hukiozesha mpaka nitrojeni na virutubisho vingine vilivyofungwa ndani yake vifunguke. Kijiko kimoja cha chai cha udongo wenye rutuba kinaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja. Mwenye shamba anayepita akitazama matawi hawaoni hata mmoja.

Vijidudu hao hula kwanza wao wenyewe. Jambo hili huwashangaza wakulima wapya. Miili ya vijidudu ina kaboni sehemu 8 hivi kwa sehemu 1 ya nitrojeni, lakini mabua makavu ya mahindi yana kaboni sehemu 60 hivi kwa 1. Ukiyafukia mabua na kupanda papo hapo, vijidudu wanakosa nitrojeni ya kutosha katika mabua, basi wanachukua ile iliyokuwa udongoni. Miche inageuka njano. Mwenye shamba anasema mabua yameharibu udongo, na msimu ujao anayachoma moto. Angesubiri, vijidudu wangemaliza chakula, wengi wangekufa, na nitrojeni waliyoishika ingerudi kwa mimea. Samadi iliyooza vizuri haina shida hiyo sana, lakini nayo haitoi vyote kwa mara moja. Sehemu kubwa hutoka kidogo kidogo, hata katika misimu inayofuata.

Angalia pia kwamba mtunza shamba alitaja kuchimbua kabla ya samadi. Vijidudu wengi wanaoozesha wanahitaji hewa, na katika udongo ulioshindiliwa kuoza kunakwenda polepole na kwa harufu mbaya. Wanahitaji na maji. Nchi ya Palestina hupata mvua zake kuanzia mwezi wa Oktoba hivi hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Samadi iliyotiwa wakati wa kiangazi hulala ikingoja. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nchini Kenya, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyoamka mvua inapoulowesha: kuoza kunaongezeka ghafula na nitrojeni nyingi inafunguka. Wanasayansi hulitaja tokeo hilo kwa jina lake mpaka leo. Mkulima anayewahi kupanda na mvua za kwanza anaifaidi, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Basi ombi la mwaka lilikuwa na maana. Bila mvua za msimu mzima, samadi ingekuwa uchafu tu uliorundikwa chini ya mti.

Sasa lichukue jambo hili mpaka kwenye baraza la kanisa. Kitabu cha washiriki kinasomwa, na linafikiwa jina la kijana aliyebatizwa katika mahubiri ya hadhara, ambaye hajaonekana Sabato nyingi. Mtu anasema jina liondolewe. Huenda hesabu yake haina kosa. Lakini je, kuna aliyechimbua? Pengine shemasi alikwenda mara moja, na baada ya hapo kijana akaacha hata kupokea simu. Baraza likaona ziara imeharibu mambo. Mkulima aliyeona miche ikigeuka njano baada ya kufukia mabua asingetoa hukumu mapema hivyo.

Hata hivyo mwaka una mwisho wake. Mtunza shamba aliukubali mwisho huo mwenyewe, na asiye tayari kuukubali asilitumie fungu hili kuahirisha kila uamuzi. Ila alisema kwamba kama hakuna matunda, bwana ndiye atakayeukata. Yeye alijiwekea jembe na samadi, na samadi hunuka mikononi.

Soma tena Luka 13:1–5. Watu walimpasha Yesu habari za Wagalilaya waliouawa, wakipima dhambi za wengine, naye akawatajia wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu aliwapa mfano huu wao wenyewe. Waliokuja kama wenye shamba walijikuta wamesimama mahali pa mtini, na Yesu hakuwaambia mwaka ule uliishaje.

Kwa majadiliano: Chukueni kadi ya darasa lenu. Ni jina gani ambalo limeacha kutajwa wakati wa kuita mahudhurio? Nani atakwenda kwake, siku gani, na nani atakwenda mara ya pili iwapo ziara ya kwanza haitapokelewa vizuri?