Moshi Uliohamia Kalerwe

Je, mtu anaweza kuwa safi kwa kumwuzia mwenzake uchafu wake? Swali hili sikulipata darasani. Nililipata Kyebando, uani kwa mjomba wangu, nikiwa na kalamu mkononi.

Mjomba ni fundi umeme. Kwa miaka mingi amekuwa na Toyota MR2 kuukuu, gari dogo la michezo lenye viti viwili na injini nyuma ya viti hivyo. Mwaka 2011, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walipoendesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili walilolibuni wenyewe, alisema, "Siku moja langu nalo litanyamaza." Mwaka jana akaanza. Aliishusha injini ya petroli, akaliacha giaboksi, akaliunga na mota ya umeme kwa bamba la chuma alilochongesha Katwe. Zikabaki betri: seli 45, kila moja volti 3.2, jumla volti 144. Alichagua seli za lithiamu na fosfeti ya chuma kwa kuwa hazina kobalti. Hakutaka gari lake lidaiwe jasho la watoto wa machimbo ya Kolwezi.

Fedha zikapelea. Akaamua kuiuza injini.

Mnunuzi alikuwa dereva wa teksi ya kukodi kutoka Kalerwe, ambaye Corolla yake ilikuwa imelala wiki tatu bila kazi. Mjomba akaniita niandike makubaliano na niwe shahidi, eti msomi ni mimi. Niliandika tarehe, kisha mkono ukasita.

Injini ile ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu. Kwa mjomba ilitoka Jumapili kwa Jumapili. Kwa dereva ingezunguka kutwa, siku sita au saba kwa juma, katikati ya soko. Basi gari la Kyebando lingesifiwa kwa usafi, lakini moshi wa mjini ungeongezeka. Nikamwambia, "Mjomba, umemhurumia mtoto wa Kolwezi usiyemjua. Huyu wa Kalerwe je?"

Akajibu, "Mpwa wangu, nisipomwuzia mimi atanunua Kisekka. Watoto wake watakula nini?"

Jibu hilo lina sehemu mbili, na si sawa kwa uzito. Ya kwanza, kwamba nisipotenda mimi atatenda mwingine, ni dhaifu. Hata mpokea mali ya wizi husema hivyo. Kosa halipungui kwa sababu lina wagombeaji wengi. Ya pili ni nzito. Dereva hakuwa na uwezo wa kuchagua kati ya petroli na umeme. Alichagua kati ya petroli na njaa. Kumnyima injini ili dhamiri yangu itulie kungekuwa kumtoza yeye gharama ya usafi wetu.

Tena, usafi wenyewe hauna asili isiyo na deni. Umeme wetu mwingi hutokana na maji: Nalubaale pale Jinja tangu 1954, na sasa Karuma yenye megawati 600, iliyozinduliwa 2024. Hauna moshi, ni kweli. Lakini bwawa la Bujagali, lililozinduliwa 2012, liliyafunika maporomoko ambayo Wabasoga waliyaheshimu kama makao ya mzimu. Anayechomeka waya ukutani Kyebando amekopa kitu kutoka kwa mtu wa Busoga.

Kwa hiyo nashika msimamo huu: hatuwezi kuishi bila kumwachia mwingine sehemu ya mzigo wetu, lakini tunawajibika kwa hali ya mzigo tunaoukabidhi. Kuuza si dhambi. Dhambi ni kuuza, kisha kujiita msafi kana kwamba kilichotoka uani kwetu kimetoka duniani.

Nilimweleza mjomba hayo kwa maneno machache kuliko haya. Alinyamaza, akamwomba dereva avumilie siku nne. Akaifungua injini, akabadilisha ringi za pistoni na sili za valvu kwa fedha yake, na bei hakuipandisha. Fedha hiyo ilikuwa ya seli tano. Gari lake sasa lina seli 40, volti 128, na kwa hesabu yake litapungukiwa na kilomita kama kumi kwa kila chaji.

Moshi wa petroli bado unatoka Kalerwe. Ule wa buluu ndio uliokoma. Sijui niite jambo hilo haki, kwa maana haki nzima ingempa dereva naye mota ya umeme. Lakini zile kilomita kumi ndizo sehemu ya gari lile ambayo mjomba anaweza kuiita safi bila kuona haya.

Makubaliano niliyatia sahihi.