Zawadi kwa Mtoto Asiyepungukiwa

Kumpa mwenye haja si kazi ngumu kwa akili, hata ikiwa ni kazi ngumu kwa mfuko. Mwenye njaa hupewa chakula, asiye na nguo huvikwa, na mgonjwa hutafutiwa dawa. Haja yenyewe humwonyesha mtoaji njia. Ugumu huanza pale haja inapokoma. Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, ambaye kabati lake limejaa nguo, rafu yake imejaa vitabu na michezo, na mkononi ana simu, apewe nini siku ya Krismasi? Swali hili laonekana dogo, na wengine watalicheka. Walakini ndani yake limo swali kubwa: zawadi ni nini, ikiwa haiondoi upungufu wowote?

Desturi yenyewe si ya kale kama wengi wadhanivyo. Katika Uingereza na Marekani, kabla ya karne ya 19, Krismasi ilikuwa zaidi sikukuu ya watu wazima, sikukuu ya karamu na ya shangwe za mitaani. Katika karne hiyo iliingia ndani ya nyumba, na mtoto akafanywa mgeni wake wa heshima. Mwaka 1823 gazeti moja la mji wa Troy, katika jimbo la New York, lilitoa shairi juu ya ujio wa Mtakatifu Nikolasi, na mzee yule mwenye mfuko wa vitu vya kuchezea akaanza kupata sura ambayo dunia yaijua leo. Badiliko hilo lilileta wema mwingi, kwani mtoto alistahili kukumbukwa. Lakini lilileta na jambo jingine lisiloangaliwa sana: zawadi ikawa aghalabu kama mto, uteremkao upande mmoja tu, kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mtoto alifanywa mpokeaji, akaachwa hapo. Desturi hiyo imefika na kwetu. Krismasi iliyojulikana kwa nguo mpya, pilau na safari ya kwenda kwa wazee sasa ina visanduku vya karatasi za rangi katika nyumba za wenye nafasi, Nairobi na Dar es Salaam.

Umri wa mtoto tumsemaye wataka kutazamwa vema. Msichana wa umri huu lugha yetu humwita kigori. Mvulana wa rika lake hana jina mahsusi, lakini hali yao ni moja. Wametoka katika mwanasesere, hawajafika katika utu uzima. Wajua kwamba Baba Krismasi ni baba yao mwenyewe. Wajua bei za vitu, walinganisha vyao na vya wenzao, na waweza kusoma uso wa mtoaji wakati wanapofungua kisanduku. Hawa si watu wa kufurahishwa tu. Ni watu wanaoanza kuhukumu.

Jibu la kwanza la wazazi ni kuongeza: aliye na kumi apewe cha kumi na moja, kilicho kikubwa zaidi. Wahenga wamesema kuwa kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini unyemi huo ni wa upya, si wa kitu, nao hufa upya unapochakaa. Lugha yetu, zaidi ya neno zawadi, ina neno tunu, yaani kitu cha thamani kisichopatikana kwa urahisi. Wingi ni adui wa tunu. Cha ishirini hakiwi tunu hata kikishinda cha kwanza kwa bei mara mia, na tena hupunguza utunu wa vile vilivyotangulia. Basi mwenye kuongeza bila kipimo hutoa kwa mkono mmoja na hunyang'anya kwa mkono wa pili.

Jibu la pili ni fedha: mtoto apewe noti, achague mwenyewe. Jibu hili lina watetezi wenye elimu. Mwaka 1993 Joel Waldfogel, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Yale, alitoa makala juu ya hasara ya Krismasi. Aliwauliza wanafunzi thamani waliyoiona katika zawadi walizopewa, akakadiria kuwa baina ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tatu ya thamani ya zawadi hupotea bure. Hesabu hiyo haidharauliki. Lakini wanafunzi waliombwa waweke kando thamani ya mapenzi yaliyokuwa ndani ya vitu vile. Kupima zawadi namna hiyo ni kumwaga maji kwanza, kisha kupima mtungi. Wala fedha yenyewe si aibu. Katika pwani yetu watoto hupita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, na hapana anayeona ametukanwa; maana pamoja na sarafu huja ziara, salamu na baraka ya mkubwa. Lakini kwa mtoto aliyejaliwa kila kitu, noti iliyotiwa ndani ya bahasha hurejea palepale: itanunua cha ishirini na moja.

Jibu la tatu lina sura ya wema mkuu. Yako mashirika ya misaada, Oxfam ya Uingereza ikiwa mojawapo, ambayo yameuza zawadi za namna hii: mnunuzi hulipa bei ya mbuzi kwa ajili ya jamaa maskini wa mbali, na mpendwa wake hupewa kadi ya kumwarifu kwamba mbuzi ametolewa kwa jina lake. Mtu mzima aliyeomba zawadi hii hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini mtoto ambaye hakuulizwa amepewa nini? Seneca, mwanafalsafa wa Roma, katika kitabu chake juu ya fadhili, alionya tusimpe mtu kitu kinachomsuta kwa upungufu wake, kama mvinyo kwa mlevi. Kwani kitu hicho si zawadi, ni tusi. Kadi ya mbuzi yaweza kuwa hivyo: hotuba juu ya uchoyo iliyofungwa kwa utepe. Kuna na dhuluma ya pili, ambayo sisi wa Afrika twaiona upesi kuliko wengine, kwa kuwa mara nyingi mbuzi huyo huletwa kwetu. Maskini hafai kugeuzwa fimbo ya kumrudia mtoto wa tajiri. Kama mbuzi ni haki yake, na apewe kwa ajili yake.

Mimi naona kosa la majibu haya matatu ni moja. Yote humtazama mtoto kama mwenye kupokea, kisha hubishana juu ya kiasi. Marcel Mauss, mwanachuoni wa Ufaransa, katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1925, alionyesha kuwa katika jamii nyingi zawadi huleta wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Mtoto wa nyumba yenye neema amezoezwa wajibu wa pili tu. Hapungukiwi na vitu. Apungukiwa na nafasi ya kuwa mtoaji. Hii ndiyo haja yake, na zawadi imfaayo ni ile itakayoufungua mkono wake.

Zawadi za namna hii si adimu. Kigori aweza kupewa cherehani ya bibi yake pamoja na mtu wa kumfundisha kushona, na kabla ya mwaka kwisha mdogo wake atavaa nguo iliyotoka mikononi mwake. Mvulana aweza kupewa zana za useremala, au kipande cha bustani na mbegu, au saa ya marehemu babu ambayo ametakiwa kuitunza kwa ajili ya wajao. Mwingine apewe fungu la fedha la kuwanunulia wengine, achague mwenyewe nani na nini, bila mkubwa kumwamuru. Mwingine apewe siku kamili ya baba yake, yenye tarehe iliyotajwa na isiyovunjwa. Katika kila moja ya hizi mtoto huambiwa neno ambalo dukani haliuzwi: twakuamini, na twakuhitaji.

Yamkini mtu atasema kuwa haya ni kumnyima mtoto utoto wake. Sisemi furaha ni dhambi, wala sisemi kitu cha kuchezea kiondolewe chini ya mti. Mchezo mmoja uliotamaniwa kwa muda mrefu ni bora kuliko mafunzo kumi yasiyotakiwa. Nasema tu kwamba yuko mtoto ambaye tumempa kila kitu isipokuwa heshima ya kutegemewa, kisha tukamlaumu kwa kutokuwa na shukrani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo hujifunza kwa kutoa, na mtoto asiyepata kutoa hawezi kuujua.